Mimi, Gaspari na Vioo vya Pikipiki za Safari

Salome na Hamza, wanafunzi wangu, karakana sasa ni yenu, mimi nimebaki na kiti cha barazani. Mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa, hasa ile ya kutengeneza vishikio vya vioo na taa za pikipiki kubwa za safari, kwa kuwa ndiyo iliyotupa jina hapa Mikumi. Nitaandika. Ila siwezi kuandika habari hiyo bila kumwandika Gaspari, na siwezi kumwandika Gaspari kwa moyo mweupe. Mkiona nimemtaja kupita kiasi, vumilieni. Mume wangu Dismas amevumilia ndoa nzima.

Mimi ni mtu wa Kimamba. Babu yangu aliletwa kukata mkonge, baba akazaliwa kambini, na mkonge ulipopungua akabaki na jembe. Nilipomaliza shule nilimwambia nataka kujifunza kuchomelea vyuma. Hakucheka. Alinipeleka Kilosa mjini kwa Mzee Chitemo, Mkaguru wa Mamboya aliyekuwa amefanya kazi karakana ya reli tangu ujana wake, na baada ya kutoka huko akafungua banda lake mwenyewe karibu na stesheni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umevaa viatu vya kufunika?"

"Nimevaa."

"Basi ingia."

Hakuuliza zaidi. Wengine walikuja kuniuliza mengi baadaye, kwamba msichana na moto wapi na wapi, lakini yeye alitazama viatu tu. Ndani nikamkuta kijana mrefu, mkimya, ameshika spana kama aliyezaliwa nayo. Ndiye Gaspari, wa kutoka Masanze. Alikuwa ameanza asubuhi hiyohiyo.

Mzee akatukabidhi pikipiki moja iliyoanguka, akasema tuitoe vioo. Gaspari akashika cha kushoto, mimi cha kulia. Chake kilifunguka kama kifuniko cha chupa. Changu kikawa kigumu, na kila nikikaza mkono kikazidi kuwa kigumu. Gaspari akainama, akatazama, akasema taratibu, "Zungusha upande wa pili." Nikazungusha, kikatoka.

Hili mlijue mapema: kuna pikipiki ambazo uzi wa kioo cha kulia umechongwa kinyume, ili kioo kikigongwa kilegee badala ya kuvunja shina lake. Ukilazimisha, unaharibu uzi. Siku ile sikujua, na naamini Gaspari naye hakujua, ila alikuwa na nafasi ya kusimama na kutazama kwa sababu yeye alishika kioo cha kushoto. Mzee Chitemo akatikisa kichwa, akasema, "Kijana huyu ana jicho." Kisha akageukia kioo changu kilichokwisha toka. "Sawa," akasema.

Nimetafuta tangu siku hiyo njia ya kueleza kwamba kama mimi ningeshika cha kushoto, mwenye jicho angekuwa mimi. Hakuna aliyewahi kutaka kunisikiliza.

Miaka ya pale Kilosa ndiyo iliyonifundisha yote. Tulianza na tupa kabla ya mashine. Mzee alikupa kipande cha chuma bapa, akakutaka ukilainishe kingo zote mpaka ukipitisha kwenye shavu kisikukwaruze. Alikuwa akijaribu kwenye shavu lake mwenyewe. Tukaja kwenye kukata, kutoboa, kuchomelea. Halafu tukaja kwenye kukunja bomba, na hapo ndipo Gaspari aliponipita na kuniacha mbali.

Bomba ukilikunja hivihivi linabonyea tumboni. Mzee alitufundisha kulijaza mchanga mkavu, kuziba ncha zake, kulipasha moto na kulikunja polepole. Wote tulijaza mchanga uleule, tukapasha moto uleule. Mabomba ya Gaspari yalitoka na mviringo laini, hayana kovu, utadhani yameota hivyo. Yangu yalikunjika, sikatai, lakini ukipitisha kidole kwa ndani ulikuta bonde. Mzee alikuwa akilishika bomba la Gaspari, akilizungusha kwenye mwanga wa mlango, halafu analiweka chini bila haraka, kama mtu anayelaza mtoto. Langu alilishika, akasema, "Sawa."

Kwa kuwa sikuweza kukunja kama yeye, nilizoea kukata na kuunga. Vishikio vyangu vikawa vya pembe, vipande vilivyonyooka vinavyoshikana kwa pembetatu. Havikupendeza. Ila vilikuwa haviyumbi.

Nilihamia Mikumi nilipoolewa. Dismas alikuwa mpishi katika hoteli moja ya barabarani, pale ambapo magari ya Iringa na Mbeya husimama ili watu wapate kula. Mimi nikakodi banda nyuma ya hoteli. Mwanzoni kazi ilikuwa mageti, vitanda, matela ya trekta, na vibebeo vya bodaboda. Baadaye zikaanza kupita pikipiki kubwa. Waendeshaji walitoka Dar es Salaam, wengine nchi za mbali, wakielekea Iringa, Mbeya, hata Malawi. Walisimama kula kwa Dismas, na wakisimama ndipo hugundua kitu kimelegea.

Wa kwanza wao alikuwa mzee mmoja Mjerumani aliyejua Kiswahili cha salamu na cha vyakula. Taa zake mbili za ziada zilikuwa zinaning'inia kwa waya baada ya matuta. Kishikio cha kiwandani kilikuwa kimekatika palepale kilipokunjwa. Hapo nilijifunza jambo ambalo nimewaimbia mpaka mmechoka: taa haiuawi na tuta, inauawa na mtetemo. Tuta ni pigo moja. Mtetemo unapiga siku nzima. Nilimtengenezea kishikio cha pembetatu, nikaweka mpira niliokata kwenye tairi kuukuu kati ya chuma na chuma, nikatumia nati zenye pete ya plastiki ndani ili zisijifungue. Kisha nikamwambia aielekeze pikipiki ukutani, nikachora mstari kwa chaki usawa wa taa, nikazishusha mpaka mwanga wake ukakaa chini ya mstari. Taa inayotazama juu haikusaidii wewe, inamtia upofu dereva wa lori anayekuja mbele yako, na huyo ndiye usiyetaka awe kipofu.

Mzee yule akaondoka na kuwaambia wenzake. Wakawa wanakuja. Kwa muda mzuri sana, jamani, Mikumi nzima ukiuliza fundi wa pikipiki za safari ulielekezwa kwangu.

Ndipo Gaspari akaja. Alisema Kilosa kazi imepungua. Akapata banda ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na langu, na asubuhi ya kwanza akavuka kuja kunisalimia na kunikopa nyundo. Nikamkopesha, nikamkaribisha chai, nikamwombea heri. Moyoni nilitamani barabara iwe mto.

Nyinyi mnajua kilichofuata. Vishikio vyake vilikuwa vya bomba lililokunjwa, vikapakwa rangi nyeusi, vikakaa kwenye pikipiki kana kwamba vimetoka nayo kiwandani. Waendeshaji walivipiga picha. Picha zikatembea kwenye makundi yao ya simu, na wakawa wanafika Mikumi wakisema, "Tunamtafuta Gaspari wa mabomba." Walikuwa wakiniuliza mimi njia. Nami nikawaonyesha kwa kidole, ng'ambo pale.

Walipokuwa wanakula kwa Dismas nilikuwa natoka uani, nazunguka pikipiki zao kama mtu anayenyoosha miguu. Nilikuwa nachuchumaa kutazama chini ya taa, napitisha kidole ndani ya mkunjo nikitafuta bonde. Sikulipata hata siku moja. Nilikuwa nalala nikiyakunja mabomba yale kichwani.

"Yusta," Dismas akaniambia siku moja akimenya vitunguu, "leo umemtaja Gaspari tangu chai mpaka sasa. Mimi mumeo hujaniuliza hata kama nimelala vizuri."

"Umelala vizuri?"

"Nimelala vibaya. Ulikuwa unamtaja usingizini."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Mzee Chitemo alipougua alikuwa amerudi kwao Mamboya. Mimi na Gaspari tulikwenda kumtazama pamoja, kwa sababu ingekuwa aibu kwenda kila mtu kivyake. Tulimkuta ameegemezwa mito, mwili umekwisha lakini macho yako palepale. Tukamwamkia, akaitikia. Akamshika Gaspari mkono akamuuliza mchanga anaupata wapi huko Mikumi, anaukausha vipi, bado anazibia ncha kwa mti au ameanza kuzibia kwa chuma. Waliongea hivyo muda mrefu. Nilikaa kwenye kigoda nikisubiri zamu yangu. Ilipofika, akanigeukia kwa upole kabisa.

"Na wewe Yusta, watoto hawajambo?"

"Hawajambo, Mzee."

"Dismas?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Vizuri. Sawa."

Basi. Hakuniuliza hata ninatumia vijiti gani vya kuchomelea. Alifariki kabla ya mvua za mwaka ule, nami nilimlilia kama baba yangu, lakini katika kulia kule kulikuwa na kidonge kikavu ambacho sijakimeza mpaka leo. Siku ile tulipokwenda kumtazama, njiani kurudi Gaspari alijaribu kunifariji. Nilimwambia nina usingizi, nikafumba macho mpaka Kilosa.

Sasa nifike kwa Hilda, maana ndiye mliyetaka nimwandike.

Hilda alikuwa mwanamke wa makamo, mwenyeji wa Iringa, aliyefanya kazi ya kuongoza misafara ya watalii wanaosafiri kwa pikipiki. Yeye hutangulia mbele, wageni wanamfuata nyuma kwa mstari. Aliwahi kupata ajali ya gari, akafanyiwa upasuaji wa shingo, na shingo ikapona lakini haikugeuka tena. Akitaka kukutazama ubavuni lazima ageuze mabega na kiuno. Mwajiri wake hakuwa mtu mbaya, ila aliogopa. Kiongozi wa msafara asiyeona nyuma anaweza kuua watu. Akamwambia Hilda kwamba atamjaribu kwenye barabara hii ya Mikumi, na kama hataona vya kutosha atahamia kwenye gari la mizigo, akae kiti cha abiria na sanduku la dawa.

Alikwenda kwa Gaspari kwanza. Bila shaka. Nilimwona akivuka, nikaendelea na geti nililokuwa nachomelea, nikaharibu kiungo nikalazimika kukikata upya. Gaspari alimtengenezea mikono mirefu ya kushikia vioo, inayotoka kwenye usukani na kupita nje ya mabega. Ilikuwa mikono ya ajabu, imepinda kama pembe za swala. Hilda akaondoka nayo. Kesho yake asubuhi akarudi, lakini safari hii akasimamisha pikipiki mbele ya banda langu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimetoka kwa fundi Gaspari. Vioo nikisimama naona mpaka kijiji cha pili. Nikikimbia sioni kitu, vinatetemeka, kila gari linakuwa ukungu. Amevirekebisha, bado. Ameniambia nije kwako."

"Amekwambia mwenyewe?"

"Amesema, 'Nenda kwa Yusta, vyake haviyumbi.'"

Nilijifanya kutafuta miwani. Nilitaka kufurahi, na nikafurahi, tena sana, kwamba kipo kitu kilichomshinda Gaspari. Ila furaha ile haikudumu, kwa sababu niliona papo hapo kwamba kitu hicho sasa ni changu, na huenda kikanishinda mimi vilevile.

Nilimkalisha Hilda kwenye pikipiki, nikamtazama kwa muda mrefu kabla ya kugusa chuma. Mnafanya haraka mno kushika grenda, nyinyi. Nilimwambia azungushe usukani kushoto na kulia kama yuko kwenye kona. Vioo vya Gaspari, kwa kuwa vilifungwa kwenye usukani, viligeuka pamoja nao. Mtu wa kawaida hugeuza kichwa kidogo kuvifuata. Hilda hakuweza. Kila akikata kona, kioo kilimkimbia. Nikasema moyoni, kama shingo haigeuki, basi kioo nacho kisigeuke. Kikae kwenye fremu, mahali pamoja daima, jicho lake likijue kama linavyojua mlango wa nyumbani.

Nikavitoa vya usukani. Nikajenga pembetatu kila upande, kutoka kwenye fremu nyuma ya taa kubwa, vipande vimenyooka, na kwenye ncha nikaweka kiungo kinachokunjika ili pikipiki ikianguka kioo kilale badala ya kupasuka. Nikaweka mipira. Tukaenda kujaribu, Hilda mbele, mimi nimekaa nyuma yake nikiwa na kofia ya Dismas ya pikipiki inayonifika puani, barabara ya kuelekea Iringa ili tusiingie mbugani. Kwa mwendo wa pole vioo vilitulia. Alipoongeza mwendo, vikaanza kutetemeka. Si kama vya Gaspari, lakini lori lililokuwa nyuma yetu lilikuwa bado halina namba, lina doa tu.

Nilirudi nimevunjika moyo. Mtihani wake ulikuwa kesho. Ng'ambo ya barabara Gaspari alikuwa amekaa nje ya banda lake, akituangalia waziwazi, nami nikajua anangoja kuona kama na mimi nimeshindwa. Kama ningekuwa yeye, ningengoja vilevile.

Hilda alikuwa ameleta pia taa mbili za ziada, nzito, zenye mgongo wa alumini. Alitaka nizielekeze pembeni kidogo, zimulike vichaka vya kando ya barabara, kwa sababu kwenye kona hawezi kugeuza kichwa kutazama kama kuna mnyama amesimama. Nilikuwa nimepanga kuzifunga chini, kwenye vyuma vya kukinga injini. Kwa kukosa pa kuiweka nilipokuwa napapasa spana, nikaiegesha taa moja juu ya mkono wa kioo cha kulia, pikipiki ikiwa inaunguruma. Kioo kikatulia.

Nikaiondoa taa. Kikatetemeka. Nikairudisha. Kikatulia tena, kimya, nikauona mlango wa hoteli na Dismas amesimama humo na mwiko mkononi.

Ulikuwa ni uzito. Mkono mwepesi unacheza na injini, mkono wenye mzigo unakataa kucheza. Niliwahi kuona hilo kwenye mambo mengi bila kulijua. Nikazifunga taa zote mbili kwenye pembetatu zilezile za vioo, mgongo wa taa ukiwa chini ya kioo, nikaongeza kipande cha chuma pale pembe inapokutana ili ibebe mzigo. Tukatoka tena. Hilda akaongeza mwendo, akaongeza tena.

"Soma namba ya lori lililo nyuma yetu!" nikampigia kelele.

Akasoma. Herufi zote. Nikaangalia juu ya bega lake kwenye kioo, nikasoma na mimi, na tulisoma kitu kimoja. Alianza kucheka, halafu nikasikia mwili wake unatetemeka, nikajua analia, ila si kwa huzuni. Nikampiga bega nikamwambia atazame mbele.

Kesho yake mwajiri alikuja na gari. Alimfuata Hilda kwa nyuma, mara anatokea kulia, mara anasogea upande wa kushoto ambapo mwendesha pikipiki hatarajii mtu, na Hilda alitakiwa anyanyue mkono wa upande ule kila anapoliona gari. Tulisimama kando ya barabara watu wengi, mimi, Dismas, wauza nyanya, hata Wamasai wawili waliokuwa na ng'ombe wao wakawaswaga pembeni wakasimama kuangalia. Hilda alinyanyua mkono kila mara. Kila mara. Mara ya mwisho aliunyanyua kabla hata mimi sijaliona gari lenyewe likitoka nyuma ya basi. Mwajiri akashuka, akampa mkono, akamwambia msafara wa Songea ni wake.

Watu walipotawanyika, Gaspari akavuka barabara. Alichuchumaa mbele ya pikipiki. Alitazama pembetatu, alitazama mahali taa ilipokaa, akapitisha kidole kwenye kiungo changu cha kuchomelea, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Namjua mtu anayepitisha kidole akitafuta bonde. Alikaa pale kwa muda ambao haukuwa na sababu nyingine. Aliponyanyuka hakuniangalia. Akasema jua ni kali, akarudi kwake. Siku ile, Salome, chakula cha Dismas kilikuwa kitamu kuliko siku zote tangu anioe.

Niliendelea na kazi mpaka macho yalipoanza kuona moto hata nikiwa nimeyafumba, na mkono ukawa hauwezi tena kuongoza kijiti bila kuyumba. Ndipo nikawaachia nyinyi.

Mwezi uliopita nilikuwa Kisanga kwenye msiba wa shemeji yangu. Niliporudi nikamkuta Hilda ananisubiri barazani, na pikipiki mpya, kubwa kuliko ile. Vioo vyangu na taa vilikuwa juu yake.

"Nani amevihamisha?" nikamuuliza. "Fremu hii si ile."

"Fundi Gaspari. Sikukukuta. Nilimwambia atengeneze vipya akitaka, akakataa. Akasema, 'Hivi sivigusi, vya Yusta vikae kama alivyoviacha.' Akatengeneza tu kipande cha chini cha kuvishikanisha na fremu."

Nilimwomba anisaidie kuchuchumaa, magoti haya. Vishikio vyangu vilikuwa havijaguswa hata rangi. Nikasema asante Mungu, kumbe alijua thamani ya kazi yangu. Kumbe muda wote alijua. Nikataka kulia.

Kisha nikakitazama kipande alichotengeneza yeye. Kilikuwa bomba fupi, limekunjwa mara mbili, linatoka kwenye fremu na kuipokea pembetatu yangu bila kuonyesha mahali lilipoanzia. Nikapitisha kidole kwa ndani ya mkunjo wa kwanza, kisha wa pili.

"Vipi, mama?" Hilda akauliza. "Kina tatizo?"

"Hakina," nikasema, na usiku mzima sikulala.